Gesi Ajizi

Saa saba usiku maziwa yalikatwa.
Kiwanda cha jibini, nje kidogo ya Dokkum,
kikanyamaza kama ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa,
na fundi Sjoerdtje akaniambia: Jelmer, tuna saa tatu.
Saa kumi malori yanarudi.

Bomba lilikuwa la chuma cha pua, nene kama ngumi yangu,
limevuja kwenye kiungo alichokifunga mtu mwingine,
mtu mwenye haraka.
Akalikata, akanimulikia tumbo lake:
ukoko mweusi wenye matuta,
sukari iliyoungulia sufuriani.
"Humu ndimo maziwa yanamojificha yakaoza," alisema.
"Huyu alipamba nje.
Alisahau kwamba chuma kina mgongo na kina tumbo,
na hewa huuma kotekote."

Maana hewa hii tunayoivuta,
inayotuweka hai mimi na yeye na ng'ombe wote wa Friesland,
kwa chuma kilichoyeyuka ni meno.
Hukikuta chekundu, laini, hakina ngozi,
hukirukia.

Basi tukaziba bomba huku na huku kwa utepe,
tukaacha tundu la kutolea pumzi, dogo, la kupita njiti ya kiberiti,
akafungua mtungi.
Sss.
Arigoni. Haina rangi, haina harufu,
haioi, haiolewi,
haidai wala haidaiwi.
Wataalamu wameiita gesi ajizi,
na waliosema ajizi ni nyumba ya njaa
hawakuiona usiku ule ikijilaza chini ya bomba
mfano wa paka mzito,
ikiinuka polepole, ikiisukuma hewa nje
bila kuigombeza.

Tao likawaka.
Sindano ya tangisteni mkono wa kulia, waya wa kushoto,
na katikati dimbwi dogo la chuma, uchi, halina woga,
limefunikwa shuka mbili zisizoonekana, ya juu na ya chini.
Hapo nikafanya ujinga.
Nilisikia joto; nikausukuma mlango kwa ncha ya kiatu,
upana wa kidole, si zaidi.
Upepo wa mfereji ukaingia.
Sauti ya tao ikabadilika, dimbwi likatema cheche,
na kiungo kikatoka na vitundu kama mkate.

Sjoerdtje alizima. Akainua kofia. Hakunitukana.
Alichukua jiwe la kusagia, akaanza upya,
dakika arobaini kwa upana wa kidole,
na ni wakati ule, kelele za jiwe zikikata maneno yake,
aliponisimulia habari za Oebele, kaka yake.

Oebele aliteremka tangini kuokota kikombe cha kauri,
kitu cha bei ya kahawa.
Mtungi ulikuwa umefungwa, ndiyo. Tangi lilikuwa limejaa.
"Hakukohoa. Haikabi koo, haiwashi macho.
Unavuta, kifua kinatanuka, unaridhika,
na hujavuta kitu."
Walimkuta amechuchumaa
kama mtu anayefunga kamba za kiatu.
Na kiungo alichokichomelea asubuhi ile, alisema,
kilikuwa kizuri kuliko vyote vya maisha yake:
rangi ya nyasi kavu, bila doa.
Nilidhani atasema anaichukia.
"Nichukie nini? Ilifanya kazi yake.
Haimjui mtu."

Saa tisa na nusu tulimaliza.
Alipitisha kioo cha mkono mrefu ndani ya bomba, akatazama, akanipa nitazame:
mstari wa dhahabu hafifu, laini, wa kutelezea maziwa.
Nikaanza kubandua utepe, akanishika mkono.
Kwanza akafungua milango yote, ile ile niliyokatazwa,
baridi ikaingia na harufu ya samadi na barafu,
akaninyooshea kipimo cha oksijeni.
"Soma."
Ishirini na nukta tisa.
"Soma tena."
Ishirini na nukta tisa.
Nilidhani yatosha. Alikuwa bado anasubiri,
macho kwenye midomo yangu.